Mtoto Akiuliza Habari za Wahenga



Mwezi wa Februari mpwa wangu, binti wa miaka 14 asomaye kidato cha pili, alinijia na swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Shuleni kwao walikuwa wameadhimisha tarehe 27, siku ambayo kila mwaka mjini Songea watu huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mwalimu aliwaambia watoto kwamba mashujaa wale ndio babu zao, na kwamba yawapasa kujivuna kwa ajili yao. Jioni ile binti huyu akamsimulia bibi yetu aliyoyasikia. Bibi, aliyezaliwa miaka mingi baada ya vita vile lakini mwenye masikio yaliyosikia mengi, alimjibu kwa maneno machache tu: kwamba bibi yake yeye alikuwa mateka, kwamba alitekwa na jeshi la Wangoni angali mtoto wa kuchota maji kwa kata, na kwao alikotoka hakurudi tena. Basi mtoto akaniuliza, "Mjomba, sasa mimi ni wa upande gani?"

Sikumjibu. Nilimwambia kwamba nitafikiri, nayo ni desturi mbaya ya watu waliokaa shuleni miaka mingi kuomba muda wanapobanwa na watoto. Lakini swali lake limekaa nami tangu siku ile, na kila nikiligeuza naona kwamba si swali la ukoo wetu peke yake. Nyumba nyingi katika nchi hii, ikiwa wakubwa wake watasema kweli, zina bibi wa namna hiyo au babu wa namna hiyo: aliyeteka au aliyetekwa, aliyeshika mkuki au aliyembebea Mjerumani sanduku lake, aliyekuwa akida au aliyechapwa kiboko mbele ya akida. Na sasa watoto wanauliza.

Wanauliza kwa sababu wanafundishwa. Tangu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika, somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia katika shule zetu, nalo hufundishwa kwa Kiswahili. Sisi twalifurahia jambo hilo. Kwa miaka mingi mtoto wa sekondari alijifunza habari za Kilwa na za Kalenga kwa lugha asiyoisikia bibi yake, hata daftari lilipokuwa wazi mezani nyumbani hapakuwa na mzee wa kumsahihisha. Sasa bibi aweza kusikia yanayosomwa, na aweza pia kuyakataa, kama alivyofanya bibi yetu jioni ile.

Lakini tulitazame jina la somo lenyewe. Ni vitu viwili vilivyofungwa kwa kamba moja, historia na maadili, wala si rahisi kuvifunga hivyo bila kimoja kukibana kingine. Maadili yataka kielelezo: mtu mwema wa kuigwa na mtu mwovu wa kuepukwa. Historia yataka kujua yaliyotokea, yawe ya kuigwa au yasiwe. Mwalimu mwenye kipindi kifupi na darasa lililojaa hata madirishani atavutwa na lipi? Bila shaka atavutwa na kielelezo. Atamchukua mtu aliyeishi, mwenye hofu na hila na huruma kama sisi, atampunguza hapa na pale hata aenee katika umbo la sanamu, kisha atawaambia watoto, "Haya, mfanane na huyu." Ndipo linapozaliwa swali ambalo leo twataka kulipima mbele ya wasomaji: je, ni halali kuwaficha watoto sehemu ya kweli, au hata kuipinda, ili wakue wakilipenda taifa lao na wazee wao?

Tusiwadharau wanaojibu kwamba ni halali, kwa maana hoja yao ina uzito. Wao husema: Mtoto ni mche, haumwagiwi maji ya moto. Husema tena kwamba kwa miaka mingi ya ukoloni watoto wa Kiafrika walifundishwa kuwa wazee wao hawakuwa na historia yoyote, ila giza na mapigano, mpaka Mzungu alipofika. Kwamba sumu ile haijatoka bado mwilini. Na kwamba mti uliopindwa upande mmoja haunyooki mpaka upindwe upande wa pili. Kwa hiyo, ati, tuwape watoto mashujaa kwanza; mambo ya aibu watayakuta wenyewe ukubwani. Nimeyasikia maneno hayo kutoka kwa walimu ninaowaheshimu, na mmoja wao alinisomesha mimi.

Tena hoja hiyo imewahi kuvikwa vazi zuri kuliko yote katika lugha yetu. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa mchezo wake wa kuigiza, Kinjeketile, ambao wengi wetu tuliusoma shuleni. Mwishoni mwa mchezo huo mganga wa Majimaji yumo kizuizini, watu wake wamekwisha kushindwa, naye anatakiwa kutamka tu kwamba maji yale yalikuwa uongo. Anakataa. Hakatai kwa sababu angali anaamini kwamba maji huzuia risasi, bali kwa sababu anaona kwamba akisema hivyo, watoto watakaokuja watafundishwa kuwa baba zao walipigania upuuzi. Ni jambo la kumshika mtu moyo. Nilipousoma mara ya kwanza nilikuwa na umri kama wa mpwa wangu, nikaona kwamba amefanya vema kabisa. Leo sina hakika tena. Je, kilichompa nguvu mtu yule ni kweli kwamba Wamatumbi na wenzao walikuwa na haki ya kukataa kuonewa, au ni maji? Ikiwa haki yao ilikuwa kweli, na ilikuwa kweli, ilihitaji kusimamishwa juu ya mguu wa uongo?

Hapa yafaa niseme jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea mtihanini. Hussein mwenyewe alieleza katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa mchezo ni kiumbe cha sanaa, asishikwe kuwa ndiye mtu yule wa historia. Mtu yule, Kinjikitile Ngwale, aliishi Ngarambe, karibu na Mto Rufiji. Mwaka 1904 ilisemekana amepagawa na pepo aitwaye Hongo, na watu wakaanza kumiminika kwake kuchukua dawa, ambayo ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za mtama. Vita vilianza Julai 1905 huko Nandete katika milima ya Umatumbi, kwa kung'oa pamba, ile pamba ambayo watu walilazimishwa kuilima katika mashamba ya pamoja chini ya maakida kwa ujira mdogo hata wengine wakakataa kuupokea. Mwanzoni mwa Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Vita vilikuwa na wiki chache tu. Boma la Mahenge halijashambuliwa bado. Basi yule mzee wa mchezoni, aliyeishi hata akaona kushindwa kwa watu wake, ni wa Hussein. Mwanafunzi anayeweza kuzipanga tarehe hizi mbili tatu na kuligundua jambo hilo mwenyewe amekwisha kuanza kusoma historia. Na yule aliyekariri "sababu sita za Vita vya Majimaji" hajaanza, hata akipata alama zote.

Lakini turudi kwenye swali letu. Kinachonisumbua katika hoja ya kuwaficha watoto si kwamba uongo hugunduliwa, ingawa hugunduliwa, na mtoto aliyegundua mmoja huanza kuyashuku na yaliyokuwa kweli. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba uongo wa namna hiyo daima hulipwa na mtu fulani. Tukisema kwamba Wangoni walikuwa mashujaa tu, basi yule msichana mwenye kata hana mahali pa kukaa katika hadithi yetu. Alinyamazishwa alipotekwa, nasi twamnyamazisha mara ya pili, safari hii kwa ajili ya somo la uzalendo. Nao waliotekwa hawakuwa wachache. Wangoni walipofika nchi ya Songea kutoka kusini katika karne ya 19, walitawala kwa vita, wakawaingiza katika majeshi yao na nyumba zao watu wa makabila waliyoyashinda, ambao waliwaita Wasutu. Wengine waliuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani. Wajukuu wa watekaji na wajukuu wa mateka leo hukaa dawati moja, na majina yao hayatofautishi sana.

Wala tusidhani kwamba ni Wangoni tu wenye habari za namna hii. Tukiwaambia watoto kwamba mwaka 1905 Waafrika walisimama upande mmoja na Wajerumani upande wa pili, tutakuwa tumesema jambo zuri lisilotokea. Wahehe, ambao chini ya Mkwawa walikuwa wamewapiga Wajerumani vibaya huko Lugalo mwaka 1891, safari hii walikaa upande wa Wajerumani, kwa kuwa baadhi ya waliokunywa maji walikuwa adui zao wa zamani. Kiwanga wa Ulanga naye alipigana upande wa serikali. Wazungu wenyewe walikuwa wachache. Mikono mingi iliyofyatua bunduki ilikuwa mikono ya askari weusi, Wasudani na wengine, na kati yao wamo waliozaliwa katika nchi hii hii. Nao maakida waliosimamia mashamba ya pamba, wengi wao walikuwa watu wa pwani, Waarabu na Waswahili.

Je, kuyasema hayo ni kumsamehe mkoloni? Hata kidogo. Amri ilitoka kwake, faida ilikwenda kwake, na alipoona kwamba hawezi kuwamaliza wapiganaji msituni alichoma vijiji na mashamba na akiba ya chakula ili njaa imfanyie kazi. Waliokufa kwa njaa hiyo ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Wajerumani wenyewe walikubali watu 75,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye hukadiria 250,000 hadi 300,000. Sehemu za nchi zilizokuwa na mashamba na watoto zilirudiwa na pori na ndovu. Mtoto aweza kuyabeba yote mawili kichwani mwake, dhambi ya mgeni na dhambi ya nyumbani, iwapo tu wakubwa hawatamwambia kwamba moja hulifuta jingine.

Basi tumwanzishe vipi? Nadhani tumwanzishe kwa neno moja dogo ambalo watoto wenyewe hulitumia kila siku wanapogombana uani: umejuaje? Mtoto wa miaka saba humwuliza mwenzake hivyo pasipo kufundishwa na mtu. Ni ajabu kwamba akifika sekondari amekwisha kuliacha, na lililoandikwa ubaoni kwake ni kweli kwa sababu limeandikwa ubaoni.

Nitatoa mfano ninaoupenda, nao unahusu Wangoni hao hao. Wazee wao walisimulia kwamba walipouvuka Mto Zambezi wakiwa chini ya Zwangendaba kuja kaskazini, jua lilitiwa giza mchana. Hawakuwa na kalenda, hawakuandika mwaka. Lakini kupatwa kwa jua hakufuati matakwa ya mwanadamu; wataalamu wa nyota huweza kuhesabu kurudi nyuma na kusema ni lini jua lilipatwa na mahali gani. Wakahesabu, na Novemba 1835 likapatikana tukio linaloafikiana na masimulizi yale. Ndiyo sababu vitabu hutaja mwezi na mwaka wa safari ya watu ambao hawakuacha karatasi hata moja. Nilipomweleza mpwa wangu habari hii alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe wazee hawakudanganya." Naam, mwanangu, lakini tazama kwamba tumejua hawakudanganya kwa sababu mtu fulani alithubutu kupima maneno yao. Kuwaamini pasipo kupima kusingetupatia mwezi ule.

Mfano wa pili ni wa wanafunzi. Mwaka 1968 na 1969 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na walimu wao wa historia, walikwenda vijijini kusini kuwauliza wazee waliokuwa wangali hai habari za Majimaji. Fikirini jambo hilo, wasomaji. Ilikuwa imepita miaka 63 tu. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati wa vita alikuwa mzee wa 78, amekaa kibarazani, na hakuna aliyewahi kumwuliza kwa kalamu mkononi. Vijana waliandika majibu kijiji kwa kijiji. Marehemu Gilbert Gwassa, ambaye utafiti wake juu ya Umatumbi na Kinjikitile haujapitwa upesi na mwingine, alikuwa mmoja wa watu wa kazi hiyo, na John Iliffe mmoja wa walimu. Mengi tunayoyajua leo juu ya dawa ya maji na jinsi ilivyosambazwa yalitoka katika vinywa vya wazee wale. Wangechelewa miaka 20 wangekuta makaburi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kinywa cha mzee ni kweli tupu na karatasi ya mkoloni ni uongo mtupu. Mzee naye husahau, huchanganya, humficha mjomba wake aliyekuwa msaliti, na husema yale anayoona mgeni anataka kuyasikia. Na karatasi nayo? Gavana von Götzen, aliyetawala wakati wa vita, aliandika kitabu juu ya vita hivyo kikatoka Ujerumani mwaka 1909. Humo uchawi na ushirikina wapewa nafasi kubwa sana katika kueleza chanzo cha vita. Mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza umejuaje atauliza pia: mwandishi huyu alikuwa na hesabu gani ya kutoa mbele ya wakubwa wake? Ikiwa chanzo ni ushirikina, gavana hana kosa. Ikiwa chanzo ni pamba na kiboko, ni nani aliyeamuru pamba? Lakini kitabu kile kina tarehe, kina majina, kina njia za majeshi, mambo ambayo mzee wa Ngarambe hakuweza kuyajua. Hakuna wa kutupwa kati ya mashahidi hawa wawili. Wote wahojiwe.

Na kwa kuwa tumesema kwamba ukweli uanze nyumbani, haitafaa gazeti hili likaanza na nyumba za watu. Mtoto Mkatoliki huambiwa, na ni kweli, kwamba tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Kasiani Spiss, yeye aliyeanzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898, aliuawa njiani na wapiganaji wa Majimaji pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Tunawaombea, na hatuoni haya kuwaita mashahidi wa imani yao. Lakini je, mtoto huyo huambiwa pia kwamba miaka michache kabla ya hapo padre mmoja wa Peramiho alikichoma moto kibanda ambamo Nkosi Mputa na watu wake waliwaheshimu mahoka, yaani roho za wazee wao? Habari hiyo haikutungwa na adui wa Kanisa. Imo katika historia ya Ungoni. Padre yule huenda alifikiri kwamba anaibomoa sanamu ya Baali. Waliosimama pembeni wakitazama moshi waliona mgeni anayewatukana baba zao waliokufa, na misioni ilipochomwa nayo wakati wa vita, hapakuwa na haja ya kutafuta maelezo mbali sana. Kwa miaka mingi tulisimulia moto wa pili tukauacha wa kwanza. Sijui kama tulikuwa na nia mbaya. Nadhani tulifanya kama wafanyavyo walimu wa uzalendo: tulitaka watoto wapate kielelezo safi.

Wengine watasema, "Padre, mtu huyo amekwisha kufa, nawe wamsema vibaya?" Swali hili ni la haki, nalo ni zito kuliko linavyoonekana. Marehemu hawezi kwenda barazani kushtaki. Hawezi kuandika barua kwa mhariri. Sheria za nchi nyingi hazimtambui aliyekufa kuwa mtu awezaye kukashifiwa. Ndiyo sababu mimi naona kwamba deni letu kwake ni kubwa zaidi, wala si dogo: asiyeweza kujitetea asisingiziwe baya asilolifanya, wala asivikwe jema asilokuwa nalo. Kusema kwamba alikichoma kibanda, ikiwa alikichoma, si kumkashifu. Kumkashifu ni kusema kwamba aliwachukia watu wale, kwa maana hilo hatujalipima. Alikaa nao, alijifunza lugha yao, na vita vilipokuja hakuna aliyekuwa salama. Matendo yanaweza kuthibitishwa kwa mashahidi. Moyo wa mtu mwenyewe ni shida kuuthibitisha hata akiwa hai mezani pako. Mwalimu akiwazoeza watoto kutenga mambo haya mawili amewafanyia kazi kubwa, kwa maana hata katika magomvi ya kijijini hutuponza lile lile: twaona tendo, kisha twatangaza nia.

Vivyo hivyo kwa Kinjikitile. Watoto hupenda kuuliza, je, alikuwa mwongo? Alisema risasi zitakuwa maji, nazo hazikuwa maji, na watu wakafa. Sijui mwalimu gani hajaulizwa swali hilo. Nami nisingempa mtoto jibu upesi. Ningemtaka kwanza ajue kwamba makabila yaliyokunywa maji hayakuwahi kukaa shauri moja hata siku moja kabla ya hapo. Kwamba hapakuwa na mfalme wa kuyaita yote. Na kwamba dawa ile ndiyo iliyomwezesha Mmatumbi na Mngindo na Mngoni kuondoka pamoja. Akiisha kuyajua hayo, na arudi kwenye swali lake. Ataona kwamba limekuwa gumu zaidi. Lakini lingali swali, wala ugumu wake hauwafufui waliokufa mbele ya bunduki za rashasha huko Mahenge wakiwa na matone ya maji vifuani. Kumwelewa mtu si sawa na kumwondolea lawama, na wale wanaotuambia kwamba watu wa zamani wasihukumiwe kabisa wangeshangaa wakiona jinsi tunavyomhukumu von Götzen bila kusitasita.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, akaingia katika makumbusho ya Majimaji, akawaona watu wa ukoo wa Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake na ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906. Akaomba msamaha kwa yale waliyoyafanya wazee wa taifa lake. Aliahidi pia kujaribu kulitafuta fuvu la nduna huyo, ambalo inasemekana lilipelekwa Ulaya. Wengine walisema ni maneno tu, na fidia iko wapi? Hilo ni neno la haki, lakini si la leo. Ninachotaka kukitazama ni kwamba mtu yule hakuwa amezaliwa mwaka 1905, wala baba yake, na bado aliona kwamba jambo lile lamhusu. Hakuweza kuona hivyo pasipo kufundishwa, mahali fulani, na mtu asiyemficha. Basi nikajiuliza, siku ile ile, ikiwa katika Ungoni yenyewe kuna yeyote anayedaiwa neno kama hilo kwa ajili ya wasichana wenye kata. Nikaona aibu kidogo kwa kujiuliza, kwa kuwa watu walikuwa katika sherehe.

Kwa wazazi nina ombi moja tu. Msiwaachie walimu kazi hii yote. Mwalimu ana kitabu. Hana bibi yenu. Mtoto akirudi na daftari la historia, msimwulize tu amepata ngapi. Mwulizeni ameandika nini juu ya nchi yenu, na kama si hivyo mlivyosikia ninyi, mwambieni mlivyosikia, na mlisikia kwa nani. Wala msiogope kwamba atachanganyikiwa. Mtoto anayechanganyikiwa kwa sababu amesikia mashahidi wawili yu karibu na elimu.

Likizo ya Juni nilimnunulia mpwa wangu daftari jipya, nikamwambia akamwulize bibi habari zote za yule mateka, pole pole, asimkatize, na aandike maneno kama yalivyo. Siku ya kwanza bibi alimfukuza. Alisema mambo hayo hayasemwi mchana. Siku ya pili alimwita mwenyewe. Binti alinirudia na kurasa nne, mwandiko umelala kwa haraka. Kwao mateka yule kulikuwa upande wa milimani. Jina lake la kwanza halikumbukwi na mtu yeyote, alilokufa nalo alipewa na waliomteka. Kisha katika ukurasa wa tatu kuna habari ambayo hata mimi, katika miaka yangu yote, sikuwahi kuisikia: kwamba yule aliyemteka alimlea nyumbani mwake, na alipokua akamwoza kwa mtoto wake, na mtoto huyo alikunywa maji mwaka 1905 na hakurudi kutoka vitani. Ndiye baba wa baba yake bibi. Mpwa wangu amepiga mstari chini ya maneno hayo, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu: "Kumwuliza babu wa Namtumbo. Yeye alisikia kwa nani?"